Kompyuta yangu imekuwa nzito: niongeze RAM, niifomati au ninunue nyingine?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina kompyuta mpakato niliyoinunua mwaka 2017. Ina RAM ya GB 4, diski ya GB 500 na Windows 10. Siku hizi nikiiwasha zinapita dakika kadhaa kabla sijaweza kufanya lolote, feni inavuma muda wote, na nikifungua kivinjari pamoja na hati mbili tu inaganda. Nimeuliza watu: mmoja kasema niongeze RAM, mwingine niifomati, wa tatu kanipa programu ya kusafisha na kuongeza kasi, na fundi kasema imeshazeeka, ninunue nyingine. Humo ndani mna kazi zangu za miaka yote hiyo. Nianzie wapi?

JIBU: Salama, ndugu yangu, na ahsante kwa kueleza kwa kirefu, maana umenirahisishia. Wote wanne wamekujibu kabla ya kuiangalia mashine yenyewe. Kompyuta inapokuwa nzito, mara nyingi kuna kifaa kimoja ndani yake kinachowasubirisha wenzake, na ukitia fedha kwenye kifaa kingine chochote utabaki palepale. Kwa maelezo yako, nadhani kinachokuchelewesha ni diski, inayohifadhi faili zako, zaidi ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kazi ulizofungua, au prosesa, ubongo wa mashine, na nitakuonyesha namna ya kuhakikisha mwenyewe bila kununua chochote. Lakini kuna jambo linalotangulia hata kupima.

Jambo hilo ni faili zako. Diski iliyozunguka tangu 2017 imeshakula sehemu kubwa ya umri wake. Kuganda unakokutaja kunaweza kuwa ni uzito tu, na kunaweza kuwa ni diski inayokufa. Kwa mtu anayetazama skrini mambo hayo mawili yanafanana kabisa. Kwa hiyo leo, kabla hujabofya kitu kingine, tafuta diski ya nje na unakili kazi zako. Anza na zile ambazo zikipotea huwezi kuzitengeneza tena: maandishi, picha, hesabu, barua. Programu usihangaike kuzinakili, hizo utazipata tena. Ukimaliza, chomoa diski hiyo, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, na ufungue faili chache kuona kama kweli zinafunguka. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka, kisha siku ya shida wanakuta folda zina majina bila kitu ndani.

Huenda faili zako zinajihifadhi zenyewe mtandaoni, ukaona hilo linatosha. Halitoshi. Huduma nyingi za aina hiyo huoanisha: ukifuta kwenye kompyuta, na kule zinafutwa, faili ikiharibiwa na programu hasidi, nakala iliyoharibika ndiyo inayopanda mtandaoni. Baadhi zinakuruhusu kurudisha toleo la nyuma, lakini kwa muda maalumu tu. Kanuni ambayo mafundi wengi hufuata ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati yake ikae mahali tofauti na kompyuta. Kwako, faili zilizo ndani ya mashine, diski ya nje iliyochomolewa, na hifadhi ya mtandaoni vinatimiza kanuni hiyo.

Faili zikishakuwa salama, iulize diski hali yake. Kila diski ya kisasa hujiwekea kumbukumbu ya afya yake, na programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inaisoma na kukuonyesha. Ikiandika Good kwa rangi ya buluu, endelea bila wasiwasi. Ikiandika Caution kwa manjano, tazama mistari miwili, 05 na C5. Mstari wa 05 unahesabu sehemu za diski zilizoharibika zikabadilishwa kwa sehemu za akiba. C5 unahesabu zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijajua izifanyeje. Idadi ndogo isiyobadilika kwenye 05 unaweza kuishi nayo kwa muda. Namba zinazopanda kila ukitazama maana yake diski iko njiani kuondoka, hasa kama inatoa pia mlio wa kugonga, tak, tak, tak. Katika hali hiyo usikubali mtu akuendeshee chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, kwanza “ili kuitengeneza”. Amri hiyo, ikiendeshwa na nyongeza ya /r, huilazimisha diski mgonjwa kusoma kila sehemu yake, na inaweza kuimaliza kabla hujaokoa chochote. Nakili kwanza.

Sasa tupime. Iwashe upya mashine kwa kuchagua Restart, usichague Shut down. Hapa wengi hawajui: tangu Windows 8, Shut down ya kawaida haizimi kila kitu. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho uwake haraka, kwa hiyo kasoro iliyokuwamo jana inaweza kuamka nawe asubuhi. Restart ndiyo huanza upya kabisa. Mtu akikuambia “nimeizima na kuiwasha lakini bado”, mwambie achague Restart. Mara nyingi ajabu shida huishia hapo.

Mashine ikishawaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Likiwa dogo, bofya More details. Juu kuna safu zenye asilimia: CPU, yaani prosesa, Memory, yaani RAM, na Disk. Usifungue kitu kingine, kaa uzitazame kwa dakika chache, kisha fungua kivinjari na zile hati mbili zako, uendelee kutazama. Ninachotarajia utakiona ni hiki: CPU iko chini, labda asilimia 15 au 20, huku Disk imeganda kwenye 100. Ingia sehemu ya Performance, bofya Disk, na usome namba mbili zilizo chini ya mchoro. Kasi ya kusoma itakuwa MB 1 au 2 kwa sekunde, wakati diski hiyohiyo ukiihamishia filamu moja kubwa hufika MB 100 kwa sekunde. Na penye Average response time, muda wa kujibu, utaona mamia ya milisekunde, pengine hata elfu.

Inawezekanaje diski iwe imejaa kazi asilimia 100 huku inasoma MB 1? Hapa ndipo penye siri ya kompyuta nyingi za umri wa yako. Ndani ya diski hiyo kuna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, na mkono unaoyumba juu yake kutafuta mahali faili ilipo. Kila faili inapoitwa, mkono lazima usogee, kisha usubiri sahani izunguke hadi mahali husika pafike chini yake. Mzunguko mmoja ni takriban milisekunde 11. Nusu yake, ambayo ndiyo wastani wa kusubiri, ni 5.5. Ongeza milisekunde 12 hivi za mkono kusogea. Kwa hesabu hiyo diski inaweza kwenda mahali tofauti mara zisizofika 60 kwa sekunde. Windows inapowaka, pamoja na programu zote zinazojiwasha nayo, huita maelfu kwa maelfu ya vipande vidogo vilivyotapakaa kila pembe. Diski inafanya kazi kwa nguvu zake zote, lakini ni kama mtu aliyetumwa kuhamisha lundo la matofali kwa kubeba tofali moja kila safari. Sehemu kubwa ya muda wake inaishia njiani.

Na wazo lenyewe ni la zamani sana. IBM ilitoa diski ya kwanza ya aina hii mwaka 1956, ndani ya mashine iliyoitwa RAMAC: sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5. Vipimo vimebadilika kupita kiasi tangu wakati huo, lakini mkono bado unasogea na sahani bado inazunguka.

Ipo diski ya aina nyingine, SSD, isiyo na sahani wala mkono. Ni chipu za kumbukumbu, na kufika mahali popote ndani yake huchukua sehemu ya kumi ya milisekunde au chini ya hapo. Ndiyo maana kwa mashine kama yako, kama vipimo vimeonyesha nilichokieleza, kubadilisha diski kuwa SSD kutakuletea tofauti ambayo hakuna kifaa kingine kitakachoifikia. Kuwaka kunashuka kutoka dakika kadhaa hadi sekunde chache, na programu zinafunguka unapobofya. Ningekuwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya kompyuta yako, ningenunua hiki, na nisingefikiri mara mbili.

Kabla ya kununua, jua ni aina gani inaingia. Zipo tatu utakazokutana nazo. Ya kwanza ina umbo la diski yako ya sasa, inchi 2.5, na inatumia kiunganishi kilekile cha SATA; kasi yake hufika takriban MB 550 kwa sekunde. Mashine yenye diski ya kuzunguka karibu kila mara itaipokea hii bila matatizo. Nyingine mbili zina umbo la kijiti chembamba kiitwacho M.2, mara nyingi upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na hapo ndipo watu wanapoteza fedha: zipo M.2 za SATA na zipo M.2 za NVMe, zinafanana sana kwa umbo, lakini nafasi nyingine kwenye ubao mama, yaani bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, hupokea aina moja tu. NVMe ina kasi kubwa zaidi, MB 3,000 kwa sekunde na kuendelea, ila kwa kazi za hati na kivinjari hutaitambua tofauti kati yake na ya SATA. Kilichokuwa kinakuumiza ni ule muda wa kutafuta, na zote mbili zimeuondoa. Tafuta mwongozo wa modeli yako kwenye tovuti ya aliyeitengeneza usome inapokea nini. Ukibaki na shaka, ya inchi 2.5 ndiyo salama.

Ukubwa nao ufikirie. Kama unataka kuhamisha kila kitu kilivyo, yaani kuigeuza SSD kuwa pacha wa diski ya sasa, nunua isiyopungua ukubwa wa ya zamani. SSD nyingi zinazouzwa kama za GB 480 ni ndogo kuliko diski yako ya GB 500 hata kama faili zako hazijafika nusu, na programu za kunakili diski nzima, kama Clonezilla, kwa kawaida hukataa kuhamisha kutoka kubwa kwenda ndogo. Utahitaji pia kebo ya kuunganisha SSD kwa USB wakati wa kunakili.

Lakini mimi, kwa mashine iliyotumika tangu 2017, ningeanza upya. Hapa yule aliyekuambia ufomati ana nusu ya ukweli. Kufomati na kuweka Windows upya kwenye diski ileile ya kuzunguka kutakupa nafuu ya wiki chache, kisha uzito utarudi. Kuweka Windows upya kwenye SSD ni jambo jingine: unaondokana na mabaki ya miaka yote, na diski ya zamani unaitoa ikiwa nzima na kila kilichomo, kwa hiyo ukigundua umesahau faili, ipo. Utahitaji flashi ya GB 8 au zaidi na programu ya Microsoft ya kuandaa flashi ya kusakinishia. Leseni usiihofie: Windows iliyowezeshwa kihalali hujifunga na ubao mama, si diski, hivyo ukisakinisha toleo lilelile itajitambua yenyewe ikipata intaneti. Kabla ya kuzima kwa mara ya mwisho, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufungaji wa siri wa Windows. Kama ndiyo, chapisha ule ufunguo wa tarakimu 48, maana bila huo hutaweza kuisoma diski ya zamani popote. Na uandike nywila za kivinjari chako, au uhakikishe zimehifadhiwa kwenye akaunti yako.

Kufungua mashine kusikutishe, ila kunataka utulivu. Zima kwa kushikilia Shift huku ukibofya Shut down, ili izime kabisa. Chomoa chaja. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Kama iko ndani, ukishafungua mfuniko iwe ndiyo kitu cha kwanza unachokiachanisha. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 kumaliza umeme uliobaki, na gusa chuma kisichopakwa rangi kabla ya kugusa chochote ndani, kwa sababu umeme tuli wa mwilini unaweza kuua chipu bila wewe kuhisi kitu. Skrubu ziweke kwenye karatasi uliyochora umbo la mfuniko, kila moja mahali ilipotoka. Urefu wake hutofautiana, na skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa hadi juu au kupasua ubao.

Ukiwa umeshafungua, maliza na mambo mengine mawili papo hapo: RAM na vumbi.

Aliyekuambia uongeze RAM hakukosea, ila alitanguliza cha pili. GB 4 ni ndogo kwa kivinjari cha leo. Rudi kwenye Task Manager utazame Memory ukiwa kazini: ikikaa juu ya asilimia 85 muda wote, Windows inalazimika kuhamishia sehemu ya RAM kwenye diski na kuirudisha kila inapohitajika, na kwa diski ya kuzunguka hayo ni mateso, ndiko kuganda kwako kunakotoka kwa sehemu. Kwa hiyo ndiyo, ongeza ifike 8, na kama bei inakuruhusu 16. Dirisha lilelile, ukibofya Memory, litakuambia nafasi ngapi zipo na ngapi zimetumika. Angalia kizazi chake: mashine za miaka ile zina DDR3L au DDR4, na kwenye kompyuta mpakato DDR3 ina pini 204 na DDR4 pini 260, na pengo lake limekaa mahali tofauti, kwa hiyo haziingiliani hata ukilazimisha. Usilazimishe. RAM huingia ikiwa imeinama kidogo, kisha unaibonyeza chini mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Mashine isipowaka baada ya hapo, mara nyingi ni kwa sababu haijakaa sawasawa, itoe uirudishe. Jambo moja la mwisho hapa: kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata uongeze ngapi. Utakapoisakinisha upya, chagua ya biti 64.

Feni inayovuma muda wote inaniambia kuna joto lisilotoka. Ukiitazama feni kwa karibu, utaona upande mmoja hewa inasukumwa kupita kwenye safu ya mapezi membamba ya shaba au aluminiamu. Vumbi huwa halitapakai kwenye mapezi; hujikusanya upande wa ndani, kati ya feni na mapezi, likajishona kama kipande cha blanketi, na hewa ikakosa pa kupita. Kwa nje, kwenye tundu, unaona pasafi. Ndiyo maana kupuliza kwa nje peke yake wakati mwingine hulisukuma tu likabana zaidi. Ondoa lile blanketi kwa kibanio au brashi laini, halafu ndipo upulize kwa kopo la hewa ukiwa umelishika wima, kwa mapigo mafupi. Na izuie feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, kwa sababu ikizungushwa kwa kasi isiyo yake huharibu beringi. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi ndani ya kompyuta; hutengeneza umeme tuli.

Joto si kero ya kelele tu. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato zikikaribia nyuzi 100 za selsiasi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na hapo unaona mashine imekuwa nzito bila sababu. Kama baada ya kutoa vumbi joto bado liko juu hata mashine ikiwa haina kazi, huenda pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na kipoozeo chake imekauka. Kuibadilisha ni kazi ndogo, lakini hiyo mpe fundi kama hujawahi. Na usiitumie kompyuta juu ya kitanda au mto. Tundu la hewa mara nyingi liko chini.

Ile programu ya kusafisha na kuongeza kasi uliyopewa, iondoe. Nasema hivi kwa uzito. Kufuta mabaki ya rejesta, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, hakuongezi kasi yoyote utakayoihisi, na Microsoft yenyewe haiungi mkono programu za namna hiyo. Nyingine zinajiwasha na mashine, kwa hiyo zinakuwa sehemu ya uzito unaotaka kuuondoa. Na kuna hatari: mwaka 2017 wadukuzi waliingiza programu hasidi ndani ya toleo rasmi la 5.33 la CCleaner, iliyokuwa maarufu kuliko zote, na zaidi ya watu milioni 2 walikuwa nalo kabla halijagunduliwa. Kinachohitajika kusafishwa Windows inaweza kukisafisha: kwenye Settings, nenda System, kisha Storage, ufute faili za muda. Kisha kwenye Task Manager fungua Startup na uzime kila kinachojiwasha ambacho hukihitaji asubuhi: programu za kuzungumza, za muziki, vipakuzi. Viache vya kingavirusi, sauti na kipadi cha mguso. Kingavirusi nayo iwe moja. Defender inayokuja na Windows inatosha kwa watu wengi, na ukiwa na mbili zitagombania kila faili unayofungua.

Ukishakuwa na SSD, usiendeshe programu za kupanga upya diski (defragment) ulizozizoea. SSD haina mkono wa kusogea, kwa hiyo kupanga hakukusaidii kitu, na kunaila bure. Windows huitambua na kuitunza ipasavyo yenyewe. Iachie tu asilimia 10 hadi 20 ya nafasi ikiwa wazi.

Windows 10 yenyewe ni suala ambalo hakuna aliyekutajia. Microsoft ilisitisha masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itaendelea kuwaka, ila matundu mapya yatakayogunduliwa hayatazibwa. Uzito wa jambo hilo ulionekana Mei 2017, WannaCry, programu hasidi iliyofunga faili za watu na kudai fidia, iliposambaa duniani: kiraka cha tundu ililolitumia kilikuwa kimeshatolewa tangu Machi, na waathirika walikuwa wale ambao hawakukiweka au ambao mfumo wao ulikuwa haupati tena masasisho. Kwa watumiaji wa nyumbani, Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa kujiandikisha unaofikia tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 kwa upande wake inataka TPM 2.0, kijenzi cha usalama cha kompyuta, na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Kompyuta nyingi za 2017 zina ya 7 au chini yake. Tazama modeli ya prosesa yako: i5-7200U ni kizazi cha 7, i5-8250U ni cha 8. Ikiwa yako ni ya 7, zipo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie, lakini Microsoft haiahidi kuzipa mashine za namna hiyo masasisho, na mimi sizipendekezi kwa mashine ya kazi. Badala yake jaribu Linux Mint, mfumo mwingine unaoweza kuchukua nafasi ya Windows. Unaiweka kwenye flashi, unaiwasha kutoka humo bila kugusa diski, na unaona kama WiFi, sauti na printa vinafanya kazi. Kama kazi zako ni kivinjari, hati na barua pepe, itakutosha na ni bure. Kama unategemea programu inayoendeshwa na Windows pekee, basi hilo ndilo litakaloamua mustakabali wa mashine yako, zaidi ya umri wake.

Betri kwa kifupi. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, na Windows itakutengenezea ripoti. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, betri imechoka. Kinachoizeesha haraka ni joto pamoja na kukaa imejaa asilimia 100 muda wote, kwa hiyo kama mashine yako ina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80, uwashe. Lakini ukiona kipadi cha mguso kimeinuka, au mfuniko wa chini hauketi vizuri mezani, betri imevimba. Zima, chomoa, usiitoboe wala kuibonyeza, na usichaji tena mpaka ibadilishwe.

Kuhusu ushauri wa fundi, unaweza ukawa sahihi katika hali tatu: kama vipimo vitaonyesha CPU ndiyo inayokaa asilimia 100 kwa kazi zako za kawaida hata baada ya kusafisha vumbi na kuondoa programu hasidi, kama ubao mama umeharibika, au kama unahitaji Windows 11 na prosesa yako haikubaliki. Nje ya hapo, SSD na RAM vitagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta mpya na vitakupa miaka mingine. Na ukilazimika kununua, uliza kabla ya kulipa kama RAM imechomelewa kwenye ubao mama. Kompyuta nyingi nyembamba za siku hizi ziko hivyo. RAM uliyoinunua nayo ndiyo itakayozikwa na mashine, kwa hiyo usichukue chini ya GB 16. Hii ya zamani ukiamua kuiuza au kumpa mtu, toa diski ya kuzunguka ubaki nayo, na usiifute mpaka umeitumia mashine mpya kwa miezi kadhaa na kuona hakuna faili iliyosahaulika humo.